Taa ya Mwisho ya Bwana Subiri

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake wa marehemu, familia imenipa mimi, dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma kama alivyopenda mambo yaandikwe, pamoja na tarehe zake, bila kuongeza chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi cherehani na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1968, kisha akasoma chuo cha ufundi kwa miaka miwili, akitoka na cheti cha redio na kovu la shoti katika kidole gumba cha kushoto.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa katika kituo cha kurushia matangazo, akiwa fundi msaidizi, na mwaka 1984 akawa fundi mkuu. Mtambo wa kituo ulikuwa wa taa, yaani zile chupa za kioo zenye waya unaowaka ndani, ambazo lazima zipate moto dakika tano kabla ya kupewa umeme mkubwa, na kwa kuwa kila aliyekimbilia swichi aliambiwa "subiri", wenzake walimwita Bwana Subiri, jina lililomfuata hadi nyumbani.

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alikaa kimya muda mrefu mpaka shangazi wa bibi harusi akanong'ona, "Huyu mnayemleta ni bubu?", naye ndipo akafungua kinywa na kujieleza vizuri. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja, ambaye ndiye kitinda mimba.

Kuna jambo la mwaka 1988 ambalo marehemu aliagiza lisomwe. Tarehe 20 Juni mwaka huo fundi mmoja wa chini yake, akiujaribu mtambo mdogo wa akiba baada ya matengenezo, siku ambayo ule mkubwa ulikuwa umezimwa, alisahau kupunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia kwenye taa, taa ikaungua, na matangazo yakakatika kwa saa mbili. Marehemu alimfokea mbele ya mtambo na mbele ya watu, "Wewe si fundi, wewe ni mchoma mkaa", akaandika ripoti, kijana wa watu akahamishiwa stoo, na jina la Mchoma Mkaa likamganda. Hawakusemezana tena.

Marehemu alistaafu mwaka 2004. Mwaka uliofuata kituo kilipoondoa mitambo ya zamani, aliomba kwa barua apewe ule mdogo wa akiba, akaruhusiwa, akauleta nyumbani vipande vipande pamoja na taa zake mbili za mwisho, akauweka katika chumba cha nje. Sehemu inayoanzisha mawimbi ilikuwa imekufa, haina dawa, hivyo mwaka 2019 watoto walimnunulia redio ya kisasa ya kutuma na kupokea, ndogo kama kasha la viatu, ili mawimbi yaanzie humo na mtambo uyakuze, na leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, alikuwa nayo. Redio hiyo hutoa wati mia moja, na mtambo ulihitaji tano tu.

Tarehe 9 Agosti 2019 aliijaribu redio peke yake kwa wati zote mia, ikafanya kazi vizuri, akaunganisha waya kwenye mtambo, akasubiri dakika zake tano, akarusha, bila kupunguza. Taa ilipasuka. Wifi yangu alimsikia akisema, "Nimeua, mama watoto", akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi akiuliza, "Umemuua nani tena?" Katika daftari la kazi aliandika maneno mawili: Sikupunguza. Mimi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wiki hiyohiyo alitafuta namba ya Mchoma Mkaa, ambaye naye alikuwa na leseni na redio yake, akampigia kuomba radhi. Alijibiwa hivi: "Fundi mkuu, ulinifokea mbele ya mtambo, niombe radhi kwa mtambo huohuo, nitasikiliza." Taa ilikuwa imebaki moja. Kwa zaidi ya miaka miwili marehemu aliigeuzageuza mkononi asithubutu kuiwasha, na mwaka 2021 madaktari walipogundua moyo umepanuka, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

Tarehe 6 Februari 2022, saa nne asubuhi, alikaa kitini, binti yake akashika vitufe, akapunguza hadi wati tano, baba yake akamwambia asome tarakimu kwa sauti, akaisoma, akamwambia asome tena, akaisoma tena. Dakika tano zilipita. Marehemu aliomba radhi kwa sentensi moja, na jibu likaja, "Nakusikia vizuri sana. Umesubiri miaka thelathini na mitatu, hata kwako wewe imezidi. Yamekwisha, kaka." Taa haikuungua.

Alilazwa tarehe 2 Aprili na kufariki tarehe 19 Aprili 2022, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliovumilia televisheni zao kukoroma kila aliporusha mawimbi, na wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa mzee aliyekaa safu ya pili, ambaye marehemu ameandika kwamba mtambo na taa yake ni vyake, na kwamba ataitwa fundi.

Kaka, mtambo tumeuzima kwa utaratibu wako, feni yake tukaiacha izunguke mpaka taa ikapoa, ndipo tukafunga mlango. Pumzika kwa amani.