Mstari wa Bluu wa Mektilda Limbu

Marehemu dada yetu Mektilda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1964 hapa Kwihara, mtoto wa tatu wa Mzee Wenceslaus Limbu na Mama Bertila, wakulima wa karanga na mahindi. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Tabora mjini, kisha upimaji wa ardhi Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1988.

Mwaka 1989 aliajiriwa na halmashauri ya jiji moja la pwani. Jina tunaliacha, wenyewe wanajijua. "Babu zetu walipeleka mizigo pwani kwa miguu," alitutania. "Mimi nimepanda treni, lakini mzigo ni uleule." Mzigo wake ulikuwa kuonyesha maji yatafika wapi bahari ikipanda na mvua zikizidi, ili jiji lichimbe mifereji, lirudishe mikoko na liache kujenga mabondeni.

Mwaka 2011 alipita mitaa mitatu ya bondeni akichora kwenye kuta mstari wa bluu, kimo cha maji yajayo. Ofisi iliahidi kutuma watu wa kuwaeleza wakazi. Haikutuma. Na wakazi walijua alama ya rangi ukutani ina maana moja tu: kubomolewa. Bi Batuli, mjane mwenye nyumba ya kwanza, alimtokea na kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Mwanangu, unanivunjia lini?"

"Sivunji, mama. Maji yatasimama hapa."

"Basi kawaambie hayo maji, hapa pana mwenyewe."

Kufika jioni mistari yote ilikuwa imefutwa.

Mpango wake uliandikwa, ukaitwa rasimu. Kila baada ya mwaka au miwili: warsha, chai, picha ya pamoja, rasimu mpya. Hakuna aliyesaini. Aprili 2024 mvua kubwa ilikutana na bamvua, bahari ikiwa imejaa kupita kiasi, na Bi Batuli akapiga simu. "Mwanangu, alama niliifuta, lakini pale nilipofuta napajua. Maji yamesimama palepale. Njoo uchore tena." Mektilda akaomba kibali. Akajibiwa asubiri mpango upitishwe. Agosti akastaafu.

Alifunga ndoa na Mwalimu Tobias tarehe 3 Julai 1993. Mwalimu alizoea kusema mke wake ana mume wa pili, anaitwa Rasimu. Wakija likizo, kabla hata ya kupewa kiti, Mektilda alikuwa ameshika jembe akizibua mfereji wa nyumba ya baba yake.

Januari 2025 aliugua figo. Akiwa amelazwa hospitali ya Kitete, Tabora mjini, ofisi ilimpigia atoe maoni juu ya rasimu ya tisa. "Jalada limependeza," alisema. "Sasa nani anasaini?" Simu ikakatwa. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa mbili asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, Octavian na Advera, mjukuu mmoja, na rasimu tisa. Bi Batuli amekuja kwa treni, tuko naye hapa. Anasema mstari ameuchora tena mwenyewe, kwa kukumbuka.

Dada yetu apumzike kwa amani. Walioshika kalamu wasipumzike.