Pacha na Ubalozi

"Eti nimejialika mwenyewe!" mama mmoja fundi cherehani alimlalamikia mzee aliyeketi naye basini, mbele yangu. "Barua ya mwaliko ina picha ya pacha wangu, fomu ya viza ina yangu, ubalozi unasema ni mtu mmoja. Nikapeleka vyeti vyetu vya kuzaliwa. Wakasema ni kimoja, nimekighushi cha pili."

"Ofisi ina taratibu zake, mwanangu," alijibu mzee, kama mtu aliyestaafu akaondoka na muhuri mfukoni.

"Taratibu! Baba, dada yangu anasubiri figo. Madaktari wake huko ugenini wamenichagua mimi, kwa sababu tumefanana mno. Ubalozi umeninyima kwa sababu hiyohiyo."

Basi likasimama.

"Si ukate rufaa," mzee akasema akishuka. "Miezi sita tu, wanakujibu."