Bi Demetria Haule Anakabidhi Majina ya Watu

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bi Demetria Haule anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Mkono wa Jirani kwa miaka ishirini na saba. Kwa mlioingia juzi mkamkuta kwenye ile meza ya karibu na dirisha, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mjue kwamba huyo ndiye aliyewapokea wengi wetu, akatufundisha kazi, akatukaripia, kisha akatupakulia chakula.

Alitoka Peramiho, akashuka Ubungo na sanduku moja na mtoto mgongoni, huyo Brightson ambaye leo naye ni baba wa watu. Shirika lilimwajiri mwaka 1998, wakati ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga Tandika, nyuma ya duka la magodoro. Mvua ikinyesha kwenye yale mabati, kikao kilisimama, maana hakuna aliyemsikia mwenzake. Kazi ilikuwa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijamfikia mtu wa kawaida, na mgonjwa akishajulikana anaumwa nini, sahani yake ilitengwa na mwenye nyumba akaanza kutafuta sababu ya kumtoa. Alihitaji uji, alihitaji kuogeshwa, lakini zaidi ya vyote alihitaji jirani asijue.

Hapo Bi Demetria akabuni utaratibu ambao sisi wa huduma za nyumbani tunaufuata mpaka leo: hodi ya kwanza isiwe ya nyumba ya mgonjwa. Unaingia mtaani kama mtu mwenye shughuli zake. Unanunua mchicha hapa, unauliza bei ya vitumbua pale, unampa shikamoo bibi wa nyumba ya kona, unakaa naye kidogo, ndipo unapotelea kwa mhusika. Ukitoka, unapita tena nyumba nyingine. Mtaa ukiulizwa yule mama alikuja kwa nani, kila mtu atasema alikuja kwangu. Matokeo yake ofisi ilijaa mchicha. Mkurugenzi wetu, Mama Mwanakombo, ambaye enzi hizo alikuwa katibu muhtasi, anasema kuna kipindi waliula mpaka wakawa wanauona ndotoni.

Kisha wafadhili wakatuletea gari. Jina la shirika lilikuwa limeandikwa milangoni kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na pembeni utepe mwekundu ambao kila mtu alijua maana yake. Sote tulipiga picha nalo. Bi Demetria alilizunguka, akasema yeye hapandi. "Hili likisimama mlangoni kwa mtu, limeshamtangaza," alisema, akachukua kikapu chake akaenda kwa miguu. Aliendelea kutembea hivyo, jua likimchoma, hadi uongozi ukaona haya na maandishi yakabanduliwa.

Mtu wa namna hiyo mnaweza kudhani hakosei. Alikosea, na ameniagiza niliandike. "Twaha," aliniambia, "usipoliandika hilo, hiyo sherehe ya kuniaga mtakula wenyewe." Mie siwezi kubishana na aliyenilea kikazi, kwa hiyo naandika.

Simu za kisasa zilipoingia, tulihamia humo bila kufikiri. Mawasiliano ya huduma tuliyaweka kwenye kundi la WhatsApp, na taarifa za wateja tukazipakia kwenye hifadhi ya bure ya mtandaoni, kwenye mashine za watu tusiowajua katika nchi tusizozijua. Ilikuwa rahisi, na hakuna aliyeuliza. Bi Demetria alichelewa kuzishika simu hizo, lakini alipozishika hakuna aliyemweza kwa ujumbe wa sauti. Ukianza kumsikiliza wakati unabandika wali, anamaliza wali umeiva.

Mwaka 2021 Blessing, binti wa mhasibu wetu Adelard, alikuwa anaolewa. Kama ilivyo ada ya mji huu, kukawa na kamati, na kamati ikawa na kundi lake la simu, na katibu akawa Bi Demetria. Kwenye simu yake kundi la harusi na kundi la huduma yalikaa moja juu ya jingine. Jumamosi moja, akiwa ametoka kwenye kikao cha kamati, alirekodi ujumbe wa kazi. Alimtaja dada mmoja, mteja wetu, kwa jina lake na mahali anapofanyia biashara, akasema dawa zake zimeisha, mtu ampelekee Jumatatu. Ujumbe ukaenda kwa kamati ya harusi.

Aliufuta. Lakini kamati ilikuwa na watu wa palepale anapofanyia biashara, na masikio hayafutiki. Sitasema yule dada aliuza nini wala aliuzia wapi, maana nikisema nitakuwa nimeurusha ujumbe ule mara ya pili. Itoshe kwamba wanunuzi wake walianza kupita pembeni, na kabla mwezi haujaisha alifunga biashara, akahamia upande mwingine wa mji, akaacha kupokea simu zetu.

Wapo waliomshauri Bi Demetria aseme simu ilishikwa na mtu mwingine. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema sauti ni yake na kidole ni chake. Alijiuzulu ukatibu wa harusi. Kisha alimtafuta yule dada mpaka akampata. Dada hakumfukuza, alimpa kiti, akampa maji. "Mama, mie sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Ila jina langu limeshatembea. Sitaki kuandikwa tena popote." Dawa alikuwa amepata kliniki nyingine, na hilo lilitupa ahueni. Lakini Bi Demetria alirudi ofisini amenywea, na kwa miezi mingi hakumtania mtu. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu kabla ya kustaafu: yule dada atuamini tena. Na hata kama hilo lisingewezekana, basi asitokee wa pili.

Hivyo ndivyo habari ya seva yetu ilivyoanza, msiwasikilize wanaosema ilianzia kwa wafadhili. Bi Demetria alikwenda mbele ya bodi akaomba mambo ya watu yatoke kwenye simu zetu na kwenye mashine za wengine, yakae kwenye mashine yetu wenyewe, ndani ya ofisi yetu. Wajumbe waliguna. Ya bure ipo, ya nini kujitwisha mzigo? Na umeme wenyewe huu wa kukatika? Aliwajibu kwamba hata lile gari la maandishi lilikuwa la bure. Mama Mwanakombo alicheka kwanza, na bodi ikapitisha.

Mtaalamu wetu wa kompyuta, Nurdin, aliifunga seva katika kilichokuwa stoo ya viti vya plastiki. Faili, kalenda na ujumbe wa kazi, vyote vikahamia humo, na kila mhudumu akawa anawaona wateja wake tu. Siku hizi ujumbe wa kazi hauwezi kumfikia mtu wa nje hata ukiusukuma kwa mabega. Mwanzo haukuwa mtamu. Umeme ulikatika siku ya ufunguzi, betri zikazidiwa, tukabaki tunatazamana na keki mezani. Halafu seva ikapewa kiyoyozi pekee cha ofisi. Joto la Februari lilipopamba moto, kila mtu alikuwa na sababu ya kwenda kuitazama, na Adelard alikutwa humo amesinzia na gazeti kifuani. Bi Demetria akanunua kufuli.

Tusimpambe, yeye mwenyewe hakuwa hodari wa mambo hayo. Nywila aliisahau kila wiki, na Nurdin akimwona anakuja alikuwa anaanza kucheka kabla hajafika. Kwa heshima Nurdin alimpa uwezo wa kufungua mafaili ya wateja wote wa shirika. Aliurudisha siku hiyohiyo. "Nipunguzie, mwanangu," alisema, "niliyonayo kichwani yananitosha." Pia ndiye aliyesimamia kanuni kwamba anayeondoka, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo, awe mkurugenzi au mfagizi.

Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika nchini, mashirika mengine yalikimbia huku na huko, sisi tukiwa tumeshatulia. Tulisifiwa, tukaalikwa kwenye makongamano, tukavaa beji. Bi Demetria hakwenda hata kongamano moja. Kila mwisho wa mwezi aliniuliza tu kama kuna habari za yule dada, na kila mwisho wa mwezi nilimjibu hakuna. Niliichukia ile siku.

Mwezi wa tano mwaka huu, yule dada akaja. Mwenyewe ameturuhusu tusimulie, bila jina. Aliingia, akamwamkia Bi Demetria, akasema amesikia anaondoka. Kisha akauliza majina ya watu siku hizi tunayaweka wapi. Bi Demetria alimpeleka stoo, akafungua kufuli, akamwonyesha lile boksi jeusi linalovuma kwenye kona. Dada aliliangalia, akauliza ni nani angeweza kulisoma jina lake humo. Akajibiwa kwamba ni mhudumu atakayemshughulikia, Hamida, na msimamizi wa Hamida, basi.

"Na wewe, mama?"

"Mie simo."

Walirudi ofisini. Dada alikaa mbele ya Hamida, akaweka pochi yake mapajani. "Haya, niandike," alisema. Hamida akavuta kiti, akafungua ukurasa mpya. Kabla jina halijatajwa, Bi Demetria alinyanyuka, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Miaka minne alikuwa analingoja jina lile lirudi, na liliporudi alikataa kulisikia, kwa sababu halikuwa lake tena kulitunza. Nilimkuta kwenye benchi la wageni analia wala hajifichi. Nilikaa naye.

Nyumba yake ya Boko, aliyoijenga tofali kwa tofali hadi mafundi wakazeeka, imekamilika. Wajukuu wanamngoja, na kuku pia. Sisi wa zamani tutamkosa kwa namna ambayo wapya hawataielewa. Tutakosa chakula chake cha saa saba mchana, makaripio yake, na ule uso wa kukusikiliza usiouliza zaidi ya ulichosema.

Bi Demetria, kwa niaba ya wenzako na ya wote ambao siwezi kuwataja, ahsante sana, mama yetu. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kukosea na akabaki mkweli. Nenda ukapumzike, Mungu akujalie afya na umri mrefu, na maisha yawe mepesi kwako kuliko ulivyoyafanya mepesi kwa wengine. Na usiku ulale usingizi wa mtu aliyesamehewa, maana umesamehewa.