Simba Atoka Bafuni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa, maana leo miguu imegoma.

Mnajua mume wangu, Baba Neema, alipata kiharusi, na yuko kwenye makao ya wagonjwa huku ugenini, Etobicoke. Hasemi. Tukimshika mkono anautoa, anageukia ukuta. Mimi nikitoka kazini napanda basi kwenye theluji, nakaa naye, narudi. Nilichoka mpaka kuomba nikashindwa. Rafiki yake alikuwa Simba, mbwa wetu. Lakini wakubwa wa pale walisema mbwa haingii mpaka afaulu mtihani wa mbwa wanaofariji wagonjwa.

Nikamfundisha kukaa, kutulia, kupita penye chakula bila kukigusa. Yote akayaweza. Siku ya mtihani, kwenye ukumbi wa makao yale, mpimaji akanyoosha mkono amsalimie. Simba akageuka, akaenda kujilaza kwenye mlango wa choo cha ukumbi ule, akisubiri afungiwe.

Ndugu zangu, nililia palepale. Kila mlipokuja kwangu kwa ibada, nilimfungia bafuni kwa heshima yenu, kama tulivyolelewa sote: mgeni hakutanishwi na mbwa sebuleni. Kwa Simba, mgeni akifika, yeye ni wa bafuni. Akashindwa mtihani.

Jumapili iliyofuata nikasimama hapahapa kuomba mje nyumbani mumzoeshe Simba wageni, na aibu imenijaa. Maombi ya mbwa, kweli? Ndipo Mama Upendo, ambaye akisikia mbwa anabweka anavuka barabara, akasema, "Mama Neema, nitakuja. Ila umshike vizuri."

Mkaja kila Jumamosi baada ya kwaya. Mama Upendo alinyoosha mkono huku amefumba macho, akasema, "Shikamoo, Simba." Tulicheka! Sikuwa nimecheka tangu Baba Neema augue. Mkanywa chai, mbwa akipita katikati ya miguu yenu. Tuliporudia mtihani, mpimaji alinyoosha mkono, na Simba akamwendea akitikisa mkia.

Wiki iliyopita nilimwingiza kwa Baba Neema. Aligeuka kutoka ukutani, akajisogeza pole pole, akamwachia nafasi kitandani.

Sitawadanganya, bado nimechoka, na mume wangu bado hasemi. Lakini nilipokwama, Mungu alinitumia watu wanaoogopa mbwa. Wewe uliyechoka hata kuomba huwezi, mtumaini yeye, kisha utuambie shida yako, hata kama inakutia aibu. Tutakuja. Mama Upendo atatangulia.