Mifuko Saba Nyuma ya Kitanda

Wapendwa, Bwana apewe sifa! Nasema tena, Bwana apewe sifa! Itikieni kwa sauti, maana ninyi mna pumzi. Mimi kwa miaka miwili hata neno "amina" nilikuwa nalitoa nusunusu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Faraja, mjane, mkulima wa korosho. Kwa wageni wetu kutoka Masasi na Lupaso, niseme kwamba nyumba yangu iko hapo juu tu, na nyumba inayofuata ni ya dada yangu wa tumbo moja, Somoe. Yeye amebaki katika Uislamu wa baba yetu, mimi niliolewa na Mkristo nikabatizwa. Hilo halijawahi kutugombanisha. Idi zake nimekula, Krismasi zangu amekula. Mjomba wetu alipofariki tuligawiwa mikorosho yake, mimi ya bondeni, yeye ya barabarani, na hata siku hiyo hatukukwaruzana. Ndugu zangu, nayasema haya mapema ili mjue nilichokivunja.

Ugonjwa ulianza kama kikohozi cha asubuhi. Baadaye nikawa nikifagia chumba tu, pumzi inakata. Nikipanda kilima na ndoo ya maji, na ninyi wanawake wa huku Newala mnakijua kile kilima, natua ndoo mara tatu, mara tano, mwisho nikaacha kwenda kabisa. Kifua kinabana kama kimefungwa kamba, na ndani kinalia filimbi. Nikawa nalala nimeketi, mgongo ukutani. Usingizi wa kuketi si usingizi, jamani!

Zahanati walinipa vidonge, nikavimaliza. Wakanipa vingine, nikavimaliza. Wakapima makohozi wakitafuta kifua kikuu. Mara ya kwanza hakuna, mara ya pili hakuna. Majirani hawakungoja majibu, kikombe changu kilishatengwa. Nikaenda Masasi kwenye hospitali kubwa, nikapigwa picha ya kifua, nikapimwa moyo, nikatolewa damu. Daktari akaniambia, "Mama, vipimo vyako vyote ni vizuri." Simlaumu. Siku hiyo nilikuwa napumua kama ninyi, maana nilikuwa nimelala wiki nzima kwa binti yangu Faraja, kule Nanganga. Lakini nililia pale kwenye benchi. Anayeambiwa ana ugonjwa fulani ana pa kushika. Mimi niliambiwa sina kitu, na huku najua ninakufa.

Likumbukeni hilo la Nanganga. Kila nilipokwenda kwa Faraja, siku ya tatu natwanga na kuimba. Kila niliporudi kwangu, siku ya tatu niko ukutani. Mimi niliona, majirani waliona, na sote tukasema jambo moja tu. Kuna mtu pale nyumbani.

Sasa nawaambia nililolificha. Msimu ule kabla sijaumwa, salfa ya kupulizia mikorosho haikuwatosha watu wote. Mimi nilibakiwa na mifuko saba. Dada Somoe akaja asubuhi, mikorosho yake imeshikwa na ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, maua yote meupe. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hujabakiwa hata na mfuko mmoja?" Nikamjibu, "Imekwisha yote, dada." Nilimjibu hivyo nimesimama mlangoni kwangu, na mifuko iko nyuma ya kitanda, nimeifunika mkeka. Kwa nini? Ndugu zangu, sina sababu ya kuwapa. Niliogopa msimu ujao. Na niliona yeye hana, mimi ninacho, nikapenda ibaki hivyo. Maua yake yalikauka. Mwaka ule hakuvuna cha maana.

Basi pumzi ilipoanza kunikata, moyo wangu ulinihukumu. Badala ya kuungama nikasema, amejua. Amejua kuwa nilimdanganya, sasa ananilipa.

Alipita mtu mmoja wa maombi, si wa kanisa hili. Akaniwekea mkono, akasema anaona mtu wa karibu. Basi, hakutaja jina. Jina nililitaja mimi! Nililitaja kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wajomba na mbele ya watoto wake. Nilisema, "Dada yangu ananikaba." Somoe alikuwa ameketi mkekani. Akaniangalia, kisha akasema, "Mama Faraja, Mungu anakuona." Tangu nizaliwe alikuwa ananiita mdogo wangu.

Hawakumfukuza. Walimfanyia kibaya zaidi. Misibani wanawake walimwondoa jikoni polepole, mmoja anamwambia pumzika, mwingine anamnyang'anya mwiko. Akipeleka chakula kwa mgonjwa, kinarudi kama kilivyokwenda. Mwanamke aliyepikia nusu ya kijiji hiki! Na mimi nikaacha kumpa shikamoo. Nilipita mbele ya mlango wake nikihema, nikageuza uso, nikarudi kulala na mifuko yangu.

Panya walikuwa wametoboa miwili. Kila asubuhi nilifagia unga wa njano chini ya kitanda. Nafagia nakohoa, nafagia namlaani dada yangu.

Siku niliyofika mwisho ilikuwa Jumanne, kama saa tatu asubuhi. Watu wako mashambani, Faraja yuko Nanganga. Nilipiga magoti mlangoni nikashindwa kuinuka, nikashindwa hata kuita. Aliyenikuta ni Somoe. Angeweza kupita, ndugu zangu. Mimi nilimpita mara ngapi? Akasimamisha bodaboda, akaniweka katikati, akakaa nyuma akanikumbatia mpaka Newala mjini. Njia nzima nilisikia moyo wake unapiga mgongoni kwangu.

Hospitalini wakanivutisha mvuke wa dawa, kifua kikalegea kidogo. Daktari alikuwa mama mmoja, kwa lafudhi yake ni mtu wa Mwanza. Hakukimbilia vipimo. Aliuliza, "Ukiwa wapi unapumua vizuri?" Nikasema Nanganga. "Ukiwa wapi unazidiwa?" Nikasema kwangu, na nikataka kumweleza habari za wachawi. Akainua mkono kunikatisha. Akauliza, "Chumbani unapolala kuna nini?"

Ndugu zangu! Somoe alikuwa amesimama palepale, ameshika ndala yangu iliyonitoka mguuni nilipokuwa nashushwa. Nikasema, "Kitanda tu."

Daktari hakuridhika. Akasema, "Mama, ukinificha utarudi tena hivi hivi, na safari hiyo huenda usifike." Nikamtazama dada yangu. Nilitamani atoke nje. Nilitamani hata kifua kibane tena ili nisijibu. Lakini Mungu hakunibana kifua. Pumzi niliyokuwa naililia miaka miwili ilikuwapo pale kifuani, na alinipa niiseme. Nikasema, "Kuna mifuko saba ya salfa nyuma ya kitanda. Ni ya tangu mwaka juzi."

Daktari akasema ni pumu. Akasema pumu inaweza kumwanza mtu mzima, na kwamba vumbi lile nililolala nalo ndilo lililokuwa likiichokoza. Vipimo havikuiona kwa sababu nilipimwa nikiwa nimetoka Nanganga. Akanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, hii hapa mkononi. Nusu ya maneno yake sikuyasikia. Nilikuwa nangoja Somoe aseme kitu. Aliinama, akanivalisha ndala.

Tulipokaribia nyumbani ndipo akauliza, "Saba?" Nikasema, "Saba, dada."

Mifuko aliitoa yeye, amejifunga khanga puani, mimi nimekalishwa mbali. Salfa ilikuwa imegandamana mawe matupu. Haikufaa hata kwa mkorosho mmoja. Tukaifukia.

Bwana amenifungua, nasema wazi! Dawa navuta asubuhi na jioni, nalala nimenyooka, kilima napanda na ndoo yangu. Lakini sikusimama hapa kuwadanganya kwamba yote yamepona. Nilimpigia dada magoti kuomba msamaha. Akaniambia, "Ulinichafua mbele za watu. Nenda kanisafishe mbele za watu." Mpaka asubuhi ya leo ananiita Mama Faraja.

Basi sikieni wote. Dada yangu Somoe si mchawi. Hajawahi kunikaba. Kilichonikaba nilikibeba mwenyewe, nikakiingiza chumbani ili yeye asikipate.

Nawasihi, mtumainini Mungu. Mwenye kifua kinachobana asikate tamaa, aende hospitali, na akiambiwa hana kitu aende tena. Mungu atampatia wa kumuuliza swali lake. Siku hiyo aseme kweli yote, hata kama yule anayemwonea aibu amesimama pembeni ameshika ndala yake.

Nimemaliza. Leo nimetoa chakula cha shukrani. Ugali ulioko pale nje na ile sufuria kubwa ya mbaazi, amepika Somoe. Nilimwomba mimi, na jua limemkuta jikoni. Amekaa nje peke yake, anangoja kuona kama chakula chake kitarudi tena. Mimi nitapakua wa kwanza. Ndugu zangu, naomba mtu wa pili.