Ufunguo Mmoja wa Kigobe

Mgeni rasmi, Bwana Valéry, mkurugenzi wa kituo cha mitambo cha Kigobe. Wazee wetu, majirani na jamaa wote: amani iwe kwenu.

KARIBU MUSAGA

Sisi mafundi wa Musaga tumefurahi kukuona. Tulikungojea asubuhi, umefika adhuhuri. Hatulalamiki, mkubwa hachelewi, ni saa zetu zilizowahi. Fanta ilikuwa baridi, sasa ina joto kidogo, lakini ni yako ileile.

TULIKOTOKA

Tulichoka kuandika mambo yetu kwenye mitandao ya matajiri, tukajenga wetu. Seva yetu inakaa karakanani kwa Tajudini, fundi wa magari. Inazungumza na seva nyingine za watu wengine duniani, wala hakuna bwana mmoja anayezimiliki zote. Humo marehemu Maxime, fundi wa injini, aliandika kila alichokijua. Mengine aliyaandika kwa ajili ya macho ya mkewe tu, Elvire, mshonaji wetu. Shida ni kwamba seva ilijua kutunza, haikujua kutafuta. Ndipo kituo chako kikatuazima mtambo wa kutafutia ulioko kwenu Kigobe, tukauunganisha na seva yetu tukiwa huku Musaga.

TULIYOYAPATA

Siku ya kwanza Elvire aliandika “kabureta”. Maxime akatokea, anamgombeza mtu aliyeisafisha kwa mswaki wa meno! Elvire alicheka mpaka akalia. Tangu hapo mafundi wanatengeneza pikipiki kwa maneno ya marehemu, na matusi yake madogo wanayapokea kwa shukrani.

TULIPOTELEZA

Kazi ya kuunganisha aliifanya Tajudini. Seva ilimuuliza: anayeitika kule, nikague cheti chake nihakikishe kuwa ni Kigobe kweli? Tajudini akajibu, “Apana.” Kwao mgeni haulizwi atokako kabla hajakaa akanywa kitu, na adabu hiyo akaifundisha mashine. Hata maneno yetu yakawa yanasafiri njia nzima bila kufichwa. Jamani, Tajudini!

Lakini ufunguo wa kuingilia mtambo mliompa, mgeni rasmi, tunasema kwa heshima zote, ndio uleule mliovipa vyama vyote vinavyoutumia. Ulifungua kabati la kila mtu, pamoja na maandishi yake ya siri. Kwaya moja ya Kibenga ilitafuta neno “mpenzi” ili itunge wimbo wa harusi, ikaangukia maneno ya siri ya Maxime. Jumamosi wakaimba harusini: “Elvire wangu, hata ukinishonea suruali ya mguu mmoja, nitavaa.” Elvire alikuwa pale pale, amekaa mbele. Hema zima likageuka kumtazama.

Tajudini aliumia sana. Akawa anazungukia nyuma ya msikiti ili asipite mbele ya duka la Elvire, mtu mzima na ndevu zake. Mwisho Elvire akamfuata karakanani.

“We Tajudini, unanikimbia sababu gani?”

“Dada, aya imenishika, siwezi kukutazama usoni. Nimeacha siri ya mutu inje.”

“Aya utaiweka kando. Funga mulango kwanza.”

Akaufunga. Leo kila neno kati ya Musaga na Kigobe linasafiri limefichwa, na cheti kinakaguliwa kila mara. Kisichokuwa cha Kigobe kinarudishwa, hata kikibisha kwa upole. Kilichobaki ni ufunguo, na huo uko mikononi mwako.

TUNACHOOMBA

Tumesikia kwamba Ijumaa utavikata vyama vyote visiufikie tena mtambo, kwa ajili ya usalama. Mgeni rasmi, panya akiingia nyumbani, nyumba haichomwi. Tunakuomba uufute ule ufunguo wa wote, kisha kila chama kipewe wa kwake, unaofungua kabati lake na si la jirani. Kabati la kwaya hatulitaki, tumeshaliona, lina ugomvi mwingi kuliko nyimbo.

Tulimwomba Elvire asimame hapa aseme mwenyewe, akakataa. Anasema atalia, na wanja wake ni wa leo. Ametutuma hivi:

“Muambie mugeni, siombi Maxime arudi, iyo ni kazi ya Mungu. Mi naomba tu nikimutafuta, nimupate.”

Mungu akurudishe Kigobe salama, akupe afya, na Ijumaa akupe moyo mwepesi.

Ni sisi,
Mafundi wa Musaga
Imesomwa na Houda, katibu