Nguzo za Nyuma

Kitendawili, wajukuu: nyumba gani paa lake ni mlima? Ni handaki la machimbo. Kwenye treni ya Embakasi nilimsikia Ayuma akimkaripia nyapara wa machimbo anakochimba mumewe.

"Dari ishaanza kumwaga udongo, na bado mnang'oa nguzo za nyuma mkazisimamishe mbele! Baba Marion yuko katikati. Wewe mwenyewe unaingia mle?"

"Mama Marion, mbao hazitoshi."

"Sikuulizi mbao. Unaingia?"

"Jiwe la kule ni gumu, mama. Halianguki ovyo."

Alisema kwa sauti tamu, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Treni ikasimama Makadara, naye akaushika mlango.

"Unaingia?" Ayuma akafoka.

"Mimi?" akajibu akishuka. "Mimi nina watoto."